Dakika ya Sita ya Filamu Yangu

Jumapili, 25 Machi 2007. Guangzhou.

Kuta zinatoka jasho. Ni ule msimu wa hapa ambapo unyevu unaingia mpaka ndani ya godoro, nguo hazikauki, na sakafu ya ofisi inateleza kama imemwagiwa mafuta. Nimeshinda na kitambaa mkononi nikifuta kompyuta, na moyo umekuwa mzito tangu saa nane mchana.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Temeke, nafanya kazi kwa wakala wa mizigo. Wateja wetu ni Watanzania na Wakongo wanaonunua hapa na kusafirisha kwao. Kazi yangu ni kusimamia upakiaji. Kontena likija ghalani, nasimama na kamera ndogo ya kanda, narekodi kila boksi linaloingia mpaka milango ifungwe na kupigwa sili, kisha lori linalipeleka bandarini Huangpu. Mteja akifika Dar akasema mabegi yake hayakupakiwa, tunamwonyesha. Kila mtu ameizoea kamera yangu. Hakuna anayechana nywele kwa ajili yake.

Kutokana na kanda hizo, mwaka jana nilitengeneza filamu ya dakika tisa. Programu ya kuhariri niliinunua sokoni kwenye diski, maelekezo yote ya Kichina, nikajifunza kwa kubonyeza na kukosea. Filamu inaonyesha jambo ambalo wenyeji wa ghala hawalielewi: kabla mlango wa kontena haujafungwa, wenye mali huweka viganja kwenye bati lake na kuomba. Waislamu tunasoma dua, Wakongo wanasali kwa Kifaransa na Kiswahili chao, na laoban wa ghala, bosi mmoja asiye na subira na kitu chochote duniani, anazima sigara yake na kusubiri.

Nikaituma Ireland. Kuna tamasha huko, katika mji mdogo wa pwani, la filamu fupi na la watengenezaji wanaoanza. Niliona tangazo lao mtandaoni, na nilichokipenda ni kwamba hawakuuliza nimesoma chuo gani. Niliituma nikasahau.

Uongo. Niliituma na nikawa nafungua barua pepe mara sita kwa siku.

Jumatatu iliyopita wamenijibu. Imechaguliwa.

Mama mmoja wa jopo lao ameniandikia ukurasa mzima. Anasema filamu zote za wanaoanza zitaonyeshwa asubuhi moja, kisha watengenezaji watapanda jukwaani kuulizwa maswali na watazamaji, na kwamba watanitumia barua ya mwaliko niombee viza. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa kusukumwa, naambiwa nina jicho. Anasema kilichomshika zaidi ni dakika ya sita.

Dakika ya sita ni ya Papa Célestin.

Papa Célestin anatoka Lubumbashi. Ni mtu mzima, mpole, ananunua mabegi katika soko la Shiling na vigae popote vinapopatikana. Mwezi wa sita mwaka jana binti yake wa miaka kumi na mmoja alifariki kwa homa, yeye akiwa huku. Kwao walizika kesho yake, na safari ya kutoka hapa mpaka Lubumbashi haimaliziki kwa siku moja. Hakuwahi. Mwezi wa tisa akapakia kontena la vigae, na katikati ya vigae likaingia jiwe jeusi la kaburi lenye jina la mtoto, amelizungushia mablanketi matatu mapya. Hakukubali vibarua walibebe bila mkono wake. Zamu yake ya kuomba ilipofika, aliweka kiganja kwenye bati, akafungua mdomo, na badala ya sala kikatoka kilio. Kilio cha sauti, cha mwanamume aliyesahau kwamba kuna watu.

Nilijua lile jiwe ni la nani. Ningeweza kuigeuzia kamera pembeni. Nikaisogeza karibu. Na kwa kuwa hapa ndipo mahali pangu pa kusema kweli: sikuwaza msiba. Niliwaza kwamba mwanga umekaa vizuri usoni mwake.

Tamasha linataka saini za wote ambao nyuso zao zinaonekana. Wengine niliwapata ndani ya siku mbili, wakacheka, wakauliza kama Ireland kuna baridi. Ya Papa Célestin sikuifuata. Alhamisi niliiweka mwenyewe. Ofisini kwetu kumtilia mteja saini ni jambo la kila siku: mteja yuko Shiling, karatasi za bandari zinasubiri, unamtilia, jioni anakushukuru. Saini yake naijua kuliko yangu. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi leo.

Leo baada ya misa alikuja ofisini kuangalia orodha ya mzigo wake mpya. Alinikuta naitazama filamu. Nikamweleza habari ya Ireland, akafurahi kama baba anavyofurahi, akavuta kiti akae. Nilipanga nimwonyeshe dakika tano tu, kisha nisingizie kompyuta imekwama kwa unyevu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya. Sijui kwa nini hakikubonyeza.

Akajiona.

Aliniomba nirudishe nyuma. Akatazama tena, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Ile kamera ilikuwa ya mizigo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Papa. Nisamehe."

"Na bale batu ya Irlande, banamujua mutoto wangu?"

Nikasema hawamjui. Nikaanza kumwambia kuhusu yule mama wa jopo, jinsi alivyoguswa, jinsi ukumbi mzima utakavyoguswa. Aliniacha nimalize. Nilipomaliza nikajisikia kama mchuuzi anayesifia mkoba wa ngozi bandia.

"Ma fille, mi sikulilia batu ya sinema," akasema, akiniita binti yake kama kawaida. Kisha, taratibu: "Bibi yangu anasemaka mi sikulia. Anasema niliwaza mabegi, sikuwaza mutoto. Miezi tisa, kila nikipiga simu, ni ile ile."

Akaniuliza kama naweza kukitoa kile kipande kwenye filamu nikampa yeye, amtumie mkewe.

Kukitoa si kazi, ni kubonyeza mara mbili. Lakini nilikuwa naliona lile jukwaa. Nilikuwa nimeshachagua hadi gauni na mtandio. Nikajaribu kupendekeza kwamba tuufiche uso wake kwa kivuli, kibaki kilio tu. Akatikisa kichwa bila hasira. Ingekuwa heri angekasirika.

Nikafungua droo nikamwonyesha ile fomu, maana sikuona tena faida ya kubaki na uongo mmoja. Aliitazama saini yake niliyoitia mimi, akasema mkia wa herufi ya mwisho haukukaa sawa. Kisha akaichana mwenyewe, vipande vidogo, akaviweka mezani kwangu kwa adabu.

Nimekitoa. Dakika moja na sekunde arobaini. Sasa jiwe linaingia, milango inafungwa, na katikati hamna kitu. Bado ni filamu nzuri, ila siyo ile waliyoichagua. Nikamwandikia yule mama kwamba nilimrekodi mtu bila kumwomba, kwamba kipande kile kimeondoka na hakirudi, na kwamba wakitaka kuniondoa kwenye orodha nitaelewa. Niliituma haraka, kabla sijaanza kupunguza maneno.

Haya ninayoyaandika hapa nayo nimemwomba kwanza. Alisema niandike, ila nibadilishe jina lake. Nimelibadilisha.

Diski ya kile kipande ilipokuwa inachomwa kwenye kompyuta alikaa pembeni yangu, anaangalia kile kimstari cha kijani kikijaa. Jumanne kuna jamaa wa kwao anaruka kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, ataibeba mkononi. Aliniuliza jambo moja tu: kama sauti inasikika vizuri.

Nikamwambia inasikika.

"Bon," akasema. "Uso yangu anaijuaka. Ni sauti hajasikia."

Akaitia mfukoni mwa shati, upande wa ndani, akaenda zake. Orodha ya mzigo iliyomleta hakuitazama.

Majibu ya Ireland hayajaja, au yamekuja. Sijui. Barua pepe sijaifungua tangu saa kumi, na kwa mara ya kwanza wiki nzima sina haraka nayo. Bado nataka kwenda. Nisiseme uongo, nataka sana. Wakiniondoa nitalia, najijua. Ila nitafunga mlango kwanza, na kamera nitakuwa nimeiacha ghalani.