Moshi Ule Uliuona

Baba Taaka,

Uji uko kwenye chupa. Kuku wafungulie wewe. Nakwenda Tororo, mahakama ya madai madogo, kwa kesi yangu ya kompyuta ya Taaka.

Asubuhi nimekusikia ukimwambia kwa simu wakili wa kampuni iliyoitengeneza: “Mama Taaka ndiye aliyeimwagia chai.” Ati yaishe. Chai gani? Kompyuta ilitoa moshi ikiwa bado mpya, ikaunguza kazi yote ya chuo ya binti yetu, na wewe ndiye uliyechomoa waya! Wale wa kampuni kuniita mwongo, sawa, wananiogopa. Wewe je?

~~Usinifuate.~~ Njoo. Vaa shati safi. Karani nimempa jina lako kama shahidi wangu. Taaka nimekwenda naye, na ataona utakaa upande wa nani.

Mama Taaka