Roboti ya quatrième

Siku ya pili, 3/2/2026

Watoto 54 ya quatrième, darasa ya ine, na ordinateur tatu, ndio kompyuta. Directeur anasema, "Mutapangana." Kupangana namna gani? Ni 18 juu ya mashini moja, na moja batri ilikufa. Courant ya umeme ikienda, 27 kwa 27. Hajui kugawanya, lakini ofisi ni yake. Mimi programu nilijifunza peke yangu, ku simu, nyuma ya mashini ya fotokopi, ku kazi yangu — hakuna mutu alinishika mukono. Na hapa ku klabu ya programu nafundisha bure. Basi. Ordinateur zibaki mu kabati. Kesho tunacheza roboti.

Siku ya tatu, 4/2

Imeenda muzuri. Mutoto mumoja ni roboti, kitambaa ku macho. Wengine wanaandika amri ku ubao: mbele hatua tatu, geuka kushoto. Roboti haifikiri, inafanya tu ile imeandikwa. Elysée aliandika "mbele" bila namba — roboti ikaenda mpaka ikagonga ukuta. Nikauliza: mujinga ni nani, roboti ao Elysée? "Elysée," wote pamoja. Yeye mwenyewe pia. Divine ndiye alisahihisha. Ule mutoto iko na kichwa.

Siku ya ine, 5/2

Leo roboti ilikuwa Divine. Macho imefungwa, wenzake wanapiga kelele: mbele, geuka, mbele. Mama yake akatokea ku mulango. Akaingia, akatoa kitambaa, akamushika mutoto mukono. Hata sauti hakupandisha.

"Madame Musoki, siye tulikimbia vita kule Fataki juu ya watoto wenye bunduki, wenye kufundishwa hivi. Wanasikia amri, wanafanya, hawaulizi."

Nikamuambia ni muchezo tu, Mama Divine.

"Kule pia ilianza na muchezo."

Wakaenda. Directeur akaniita mbio: ule mama asiporudisha mutoto, klabu inafungwa, hataki maneno na wazazi. Vile masomo inaenda, hajawahi kuuliza. Nimekasirika. Juu ya mama pia. Lakini juu ya mama, kidogo tu.

Siku ya tano, 6/2

Nilimufuata ku soko, ku meza yake ya samaki ya ziwa, ya Tchomia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi. Yeye aliuliza moja tu:

"Roboti yako inaweza kukataa?"

Inaweza, nikasema. Kuko amri inaitwa "kama": kama kitu fulani iko, fanya hivi; kama haiko, fanya vile. Lakini hiyo ni somo ya kisha Pasaka.

"Na juu ya nini munaanza na kutii?"

Aliendelea kupanga samaki, hakuniangalia. Kitabu ya masomo ndio inapanga hivyo. Sikumuambia. Ingekuwa haya.

Siku ya sita, siku ya posho, 7/2

Naandika hapa hapa mu darasa. Asubuhi nilianza na "kama". Ku ubao: Kama mukono inagusa mutu, simama. Kama hutaki, sema.

Orly, mwenye zamu ya kusoma amri, akanuna. "Madame, akisema hataki, programu inaharibika."

"Iharibike," sauti ya Divine ku mulango. Iko na mama yake. Directeur nyuma yao.

Nikauliza nani atakuwa roboti. Mikono 53. Mama Divine akatua beseni yake chini. "Mimi." Akajifunga kitambaa mwenyewe.

Orly anasoma amri. Mbele hatua tano. Ku ya tatu, mukono ya mama ikagusa Elysée. Akasimama. Watoto wakapiga makofi. Orly akasoma ingine: geuka kushoto, mbele hatua ine.

"Sitaki," mama akasema.

Ubao haisemi kitu gani inafuata. Orly ananiangalia. Directeur pia ananiangalia. Mama anangoja tu, macho imefungwa.

Divine amesimama. Anachukua chaki.