Kurasa Nilizombania Bi Zuwena

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano

Kwako Baba,

Shikamoo, kama walivyonizoesha huku. Natumai goti limepoa na yule ng'ombe mweusi ameshazaa. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaoumwa. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe hupiga kelele nami hulia, tukakata bila kuambiana kitu.

Bi Zuwena, mwenye nyumba wangu, amefariki jana. Ndiye yule niliyekuambia macho yalimwishia. Miaka minane nimepanga ghorofani kwake. Jumapili nikitoka kanisani huenda Mama Ngina, kule ufukweni, nikala mihogo yangu peke yangu katikati ya familia za watu, nikarudi. Aliyekuwa akiniuliza nimekula nini ni yeye tu.

Tulikuwa na kitabu chetu. Kilikuwa cha marehemu mumewe, kimeliwa na mende pembeni, habari za yule mhalifu maarufu wa Uingereza ya kale aliyejificha msituni na wenzake, akiwaibia matajiri na kuwapa maskini. Kiingereza chake ni cha kizamani, kila mtu huapa mara mbili kabla ya kuomba maji. Nikitoka kupima magunia kule ghalani Mbaraki, nilikuwa nakaa kando ya kitanda chake, nasoma na kumgeuzia kwa Kiswahili. Alicheka sana wale wanaume walipotwangana kwa magongo darajani kisha wakawa marafiki.

"Mwizi huyu ana adabu," akasema. "Lakini nambia, kuswali yuaswali saa ngapi?"

Sasa sikia kosa langu. Siku moja nilichungulia mbele nikaona kurasa zilizobaki ni chache, nikaanza kumbania. Nilimsomea ukurasa mmoja kwa jioni, au nikarudia mapigano ya zamani nikijifanya nimesahau tulipofika.

"Huyu bwana wa mwituni yuafa au hafi?" alikuwa akiniuliza.

"Bado mbali, Bibi."

Kitabu kikiisha, ningeshuka kwake kufanya nini?

Jana saa nne asubuhi bintiye, Saida, alinipigia simu kazini kunipa habari. Nililia chooni, kisha nikafanya kama mtu wa kwetu: nikaomba ruhusa ya Ijumaa hadi Jumatatu kwa ajili ya mazishi, nikamaliza zamu yangu. Njiani nilikuwa nawaza ni nani atakayesoma historia ya marehemu. Nikakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka.

"Tushamzika, mwanangu," Saida akasema. "Tangu adhuhuri."

Ni majeneza mangapi nimeyaona yakipita mbio chini ya dirisha langu? Desturi yao naijua. Ila kichwa changu kilikuwa huko kwetu Bungoma, ambako marehemu hutungoja hadi Jumamosi.

Saida akanipa kitabu. "Juzi akiniuliza mimi mwisho wake. Nikamwambia, mngoje Nekesa."

Nimeusoma mwisho peke yangu, kwa sauti, kitandani. Yule bwana anaugua, anakwenda kwa jamaa yake wa kike akatolewe damu mbaya, kama wanavyoumikwa watu hapa mjini, naye yule mwanamke anamwacha avuje hadi nguvu zinamwishia. Basi anaomba upinde wake, anarusha mshale dirishani, anamwambia rafiki yake: pale utakapoanguka mshale, ndipo unizike.

Hapo nikakifunga. Umeniita mara tatu, Baba, nije unionyeshe pale unapotaka kulazwa kaburini, kabla ndugu zako hawajaanza kubishana. Nikasema Krismasi, nikasema Pasaka, nikasema kazi ni nyingi. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba ukishanionyesha utakuwa umemaliza. Nimekufanyia wewe yale yale niliyomfanyia Bi Zuwena.

Ruhusa ya mazishi wamenipa, na mazishi yalishapita. Nitakuja nayo kwako. Barua hii naiweka kwenye basi la leo, mimi nafuata kesho jioni. Kitabu nakuja nacho, nitakusomea chote, na huo mwisho pia.

Nisalimie Shangazi Nafula anayekupikia. Mdogo wangu Simiyu mwambie afyeke njia ya kushukia shamba la chini, goti lako lisipate shida, maana nataka unionyeshe kwa mkono wako mwenyewe.

Ni mimi bintiyo, niliyezoea kukuambia bado,
Nekesa

Ningoje, Baba.