Imesimamishwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia mangweni, kilabu chetu cha nyumbani, bure. Mgema hakuja, aogopa askari. Sheria mpya yakataza kuuza pombe ya mnazi nyumbani, na sisi hapa Mtopanga hatuna pengine pa kuuzia. Shemeji Kahindi na wenzake wameipeleka mahakamani. Wasema imevunja katiba, wananchi hatukuulizwa. Mimi sijali. Tangu mume wangu afe sijali mengi.

Alhamisi, 6 Machi
Jaji ameizuia mpaka kesi isikizwe. Kahindi akaja mbio: sheria imesimamishwa! Mama mkwe akamuuliza, imesimamishwa kama nguzo ama kama gari? Kama gari, mama. Tukacheka. Mimi kidogo.

Mgema karudi.

Ijumaa, 20 Juni
Hukumu leo. Kahindi katuma ujumbe kutoka kortini: "Tumeshinda. Sheria ni batili. Hukumu imesimamishwa mwaka mmoja." Mama mkwe akapiga vigelegele. "Kama gari!" akawaambia wateja. Nikawamiminia. Nilidhani nitafurahi.

Jumatatu, 23 Juni
Askari wamekuja mchana. Mama mkwe akasema mangwe ni yake, mimi namsaidia tu. Akawaonyesha ule ujumbe, bila hofu. Mmoja akausoma, akamrudishia simu kwa adabu. "Kilichosimamishwa ni hukumu, mama. Sheria yaendelea."

Wakamchukua na kanga zake za nyumbani.

Kahindi kanieleza jioni, akilia. Jaji amewapa waliotunga sheria mwaka mzima waitengeneze upya. Mpaka hapo, hiyo hiyo mbovu yafanya kazi. Kabla ya kushinda tulikuwa na ruhusa ya kuuza. Nimemwaga mnazi wote. Chozi halikuja.

Jumatano, 25 Juni
Mama mkwe amekiri kosa kortini. Aliona kumbishia hakimu ni utovu wa adabu. Faini ama miezi mitatu. Faini hatuna.

Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Alhamisi, 3 Julai
Wateja wapita, wauliza. Nawajibu hakuna. Mmoja akanipa hongera kwa kesi. Nilitaka kumpiga na kata.

Jumapili, 6 Julai
Nimekwenda gerezani kumwona mama mkwe. Amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama tuko barazani. Kisha akainamisha kichwa, akauliza polepole kama kesi ilishindwa, maana yeye amefungwa.

Nikamwambia hapana, mama, tulishinda.

Akashukuru Mungu. Akaniuliza kama nimekula.