Kanda Chini ya Kikombe

Wiebke usinicheke. Au cheka tu, hapa ofisini wameshacheka karibu wote.

Unamjua Tjaden, yule mzee wa zamu ninayemlaumu kwa kila kitu? Leo asubuhi naangalia hali ya mashine za kusomea kanda za data, naona ya nne imekwama. Tangu saa moja! Roboti inayoiletea kanda inazunguka rafu zote inatafuta moja, namba 417, haiioni. Nyuma yake foleni yote ya kunakili data za bima imesimama.

Nikasimama, nikapaza sauti: "Tjaden! Umeipeleka wapi kanda 417?"

"Sijaigusa, Gesche."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Mbele ya watu kumi na wawili nikasema, "Atakayekutwa nayo analeta keki ya ofisi nzima. Na aoke MWENYEWE!"

Aoke mwenyewe, Wiebke. Nimesema mimi, nisiyejua hata kukaanga yai.

Bosi, Bi Harms, akaja mezani kwangu taratibu. Akainua kikombe changu cha chai. Chini yake kuna kijisanduku bapa cheusi, kina duara la chai mgongoni. 417.

Niliitoa jana nisome lebo. Halafu chai ilikuwa moto, na meza yenyewe mpya...

Tjaden hakucheka. Angecheka ningepona. Alisema tu, "Mimi zabibu kavu sili."

Sasa kila anayepita anainua kikombe changu, anachungulia chini, anasema, "Naangalia hali tu."