Mwaliko wa Kuja kwa Bibi

Chumbageni, Tanga

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku tu wazima. Mjomba wako Seif amehamia Pangani, na goti langu bado linanifikisha sokoni.

Umeuliza kama viza ya kuja huku kweli imekuwa rahisi, au ni maneno ya redioni. Imekuwa rahisi. Mkwe wa jirani ameomba kwa simu akiwa kwao Ulaya, na jibu likamfuata huko huko. Hapo serikali imejitahidi.

Lakini unasema fomu imetaka barua ya mwaliko, nawe umesusa: "Lini mtu akaalikwa kwa bibi yake?" Hasira hizo umezirithi kwangu. Nilipokuwa msichana, shangazi yangu alifariki huko Maskati uliko. Nikaenda kuomba viza, karani akadai barua ya mwaliko. Nikamwambia, "Msibani haalikwi mtu, bwana!" Niliona aibu kuwaandikia wafiwa waniite kama harusini. Nikarudi nyumbani. Arobaini ikasomwa bila mimi.

Karani yule nilimlaumu miaka mingi. Siku hizi nakumbuka kwamba shangazi alikuwa akinialika kila Idi, nami nikimjibu, "Mwakani, inshallah."

Basi barua yako hii hapa, ipige picha uitume: Mimi, Bibi Mwanaidi, namwalika mjukuu wangu Zuhura nyumbani kwangu Chumbageni.

Ukingoja sana, mama, utakuja bila kualikwa.

Bibi yako