Bibi Hakupepesa

4 Machi

Mwanangu Meneja,

Nakusalimu kwa hasira, lakini nakusalimu. Hujambo? Mkeo je? Sisi wazima, ila goti la bibi yako halipendi asubuhi za baridi.

Sokoni wamebandika tangazo: kuanzia mwezi ujao noti na sarafu marufuku, kulipana ni kwa simu tu. Nimesoma kila walichoandika watetezi wa jambo hili. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka mtu asiyeona. Mama yangu ameuza fagio maisha yake yote gizani. Noti anaipapasa ukingoni, anaipima kwa kidole, anakwambia ni ya ngapi. Leo aambiwe pesa zake ni maandishi kwenye kioo! Na kampuni yenu ya simu ndiyo iliyoiuzia halmashauri wazo hilo. Nijibu kwa hoja, usinitumie vipeperushi.

Shangazi yako

13 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hasira nimezipokea pamoja na salamu. Hapa hatujambo, kazi tu imetubana. Goti la Bibi mlikande maji moto.

Sasa nami nisikilize. Nani alimlipa Bibi kwa kipande cha gazeti kilichokatwa saizi ya noti? Kibeti chake kimekwapuliwa mara ngapi, na kesho yake mwizi akapita akimwamkia? Noti haimjui mwenyewe, ndiyo maana inaibika. Namtumia simu inayosema kwa sauti. Akilipwa, itamwambia kiasi. Laini nimeisajili kwa jina lake. Namba ya siri achague mwenyewe, asikwambie hata wewe. Na ile akiba ya mabati iliyo ndani ya godoro, itieni humo kabla panya hawajaila.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Natumaini mko salama huko. Huku mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nianze na haki yako: wiki mbili za kwanza nilimeza maneno yangu. Simu ilikuwa ikitangaza, "Umepokea!" soko zima likageuka. Muuza nyanya akamwambia, "Bibi, simu yako mbea!" Mama akacheka mpaka akakohoa. Akiba ya mabati tukaitia humo, yote.

Kisha kampuni yenu ikaamua kuhakiki wateja. Nikampeleka kwa wakala wenu. Simu ikasema: tazama kamera, pepesa macho. Mwanangu, kope za mama ziliungana tangu alipougua surua utotoni, wewe unajua. Wakala, kijana mpole, akasema, "Jitahidi kidogo, Bibi." Naye akajitahidi! Akazishika kope kwa vidole, akazivuta. Mara ya tatu simu ikafunga akaunti.

Mama akauliza, "Huyo anayenitazama humo ni nani?"

"Ni mfumo, Bibi."

"Mwambie ni mimi."

"Mfumo hausikii, Bibi."

"Basi tumekutana. Mimi sioni, yeye hasikii."

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kuvunja meza ya watu. Ifungue hiyo akaunti. Wewe si uko humo ndani?

Shangazi yako

3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Poleni. Sijui niulize afya ya Bibi kwa uso gani.

Nimekwenda kwa mkuu wangu. Akasikitika kweli, akasema hana ruhusa, mfumo ndio unaotaka. Watu wa mfumo wakasema wao wanafuata maagizo ya wakuu. Nikazunguka humo kama kuku aliyefungwa kamba. Nikaomba niende nikapepese mimi kwa niaba yake. Nikaambiwa huo ni ulaghai, ningefukuzwa.

Kuna fomu ya malalamiko. Kwenye sababu unachagua: kamera chafu, mteja amevaa miwani, mwanga hafifu. Upofu haumo. Nikachagua mwanga hafifu. Jana majibu yalikuja: "Mteja asogee penye mwanga, ajaribu tena."

Bado naamini pesa ya simu ni salama kuliko noti, Shangazi. Ni salama mno. Hata mwenyewe haifikii.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usijilaumu mpaka ukose usingizi, mkeo atanilaumu mimi. Barua tatu nimewaandikia wakubwa wako, kali, zenye hoja. Zimejibiwa na mashine, inanishukuru kwa maoni yangu.

Mama anaendelea kwenda sokoni. Mimi sishindi naye sokoni, basi wateja wanamlipa kupitia namba ya fundi viatu wa kibanda cha jirani. Jioni fundi huyo anamnunulia unga na sabuni kwa simu yake, anambebea mpaka mlangoni. Mtu mstaarabu. Sijamwona akila senti ya mama, wala siwezi kuapa kwamba haili. Nikimchunguza, akakasirika, nani atatupokelea? Kwa hiyo mimi, ninayegombana na wakubwa kwa maandishi, nikimwona fundi viatu natabasamu.

Jana nilimuuliza mama, "Leo umeuza fagio ngapi?"

"Sita," akajibu bila kufikiri.

"Umepata kiasi gani?"

Vidole vyake vikapapasa mapajani, juu ya kanga, vikasimama.

"Kamuulize fundi."

Shangazi yako